Siri yangu iligeuzwa ombi la maombi

SWALI

Mama, shikamoo. Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani. Nilikuja Mombasa kutoka Taita nilipoolewa, na huku sina ndugu wa damu hata mmoja. Ndugu zangu wakawa ni wa kanisani. Naimba kwaya, sauti ya pili, na Jumatano jioni tuna ushirika wa nyumbani, tunazunguka nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo nilipopata rafiki, tukapendana mpaka watu wakadhani tumezaliwa tumbo moja. Alfajiri tunaondoka pamoja kwenda Kongowea kuchukua nyanya na ndizi za kuuza. Yeye ana kibanda chake na mimi changu, mmoja akiugua mwenzake anamuuzia. Hatukuwahi kudaiana.

Mwaka jana mume wangu alianza kulala nje. Kazi yake ya lori ilikuwa imepungua, nikadhani ni mawazo tu. Baadaye nikajua ana mwanamke Mtwapa, na mwisho akahamia huko kabisa. Sikumwambia mtu. Hata kwetu Taita hawajui, maana mama yangu ana presha. Nilimwambia rafiki yangu peke yake, tumekaa juu ya magunia Kongowea tukisubiri lori lishushe mzigo, nikamsihi aniwekee.

Jumatano iliyofuata sikwenda ushirika, mtoto alikuwa na homa. Kumbe kipindi cha maombi kilipofika alisimama akasema, "Tumwombee dada yetu, ndoa yake inapita motoni, mume amemkimbia." Akataja na Mtwapa. Jumapili nafika getini, akina mama watatu wananishika mkono na kuniangalia kama mtu aliyefiwa. Mmoja akaninong'oneza kwamba mume hurudishwa kwa maombi ya usiku wa manane, kana kwamba nimelala usingizi ndiyo maana ameondoka. Wiki hiyohiyo mzee wa kanisa akaniita, akaniambia kwa upole nipumzike kidogo kuongoza nyimbo "mpaka mambo yatulie".

Tangu hapo sijarudi. Walikuja akina mama wawili nyumbani, nikamwambia mtoto aseme sipo, wakaacha unga na sukari mlangoni wakaenda zao. Mmoja ni yule mama mzee wetu asiyesema sana. Zaidi ya hapo hakuna aliyenitafuta. Siku hizi naenda kanisa moja kubwa mjini, watu ni wengi kama stendi. Naingia nimechelewa, nakaa nyuma, natoka kabla ya baraka. Hakuna anayenijua, na kusema kweli napumua. Jumapili nyingine nasikiliza ibada kwa simu huku nakunja nguo.

Aliyenishika mkono kweli ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu. Usiku ule mtoto alipozidiwa ndiye aliyetafuta tuktuk, akakaa nami hospitalini mpaka adhana ya alfajiri. Anajua kila kitu na sijasikia neno hata moja likinirudia. Lakini dada mmoja wa kanisani alipojua, alinigombeza kwamba naanika mambo yetu kwa watu wa nje.

Rafiki yangu bado ananitumia ujumbe kila wiki, "Nakukumbuka kwa maombi." Sijibu. Sufuria lake kubwa liko kwangu tangu mtoto wangu alipobatizwa, nafikiria kumpa mtu wa bodaboda alipeleke tumalizane. Kongowea napitia upande mwingine nisimwone.

Je, nina dhambi kukaa hivi? Na mbona mtu wa dini nyingine anaweza kuweka siri, na sisi tuliookoka hatuwezi?

Mama wa Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote. Swali lako la mwisho ndilo linalokuwasha, kwa hiyo nianze nalo.

Jirani yako ameweka siri kwa sababu ni muungwana. Lakini kuna na jambo jingine: hana mahali pa kuisemea ambapo ataonekana mtu mwema kwa kuisema. Akienda kuisimulia kwa mwenye duka, kila mtu atajua ni umbea, na yeye mwenyewe atajua. Ushirika wetu una mlango ambao mtaa hauna. Nimekaa kwenye vikao hivi vya nyumbani miaka mingi, nao mwendo wake ni mmoja. Wa kwanza anaombea mtihani wa mtoto, wa pili goti linalouma, wa tatu safari ya bara. Watu wanaitikia amina huku wamesinzia. Kisha mmoja anashusha sauti, "Kuna ombi la ndugu yetu mmoja, sitamtaja sana..." Hapo viti vinasogezwa. Chai inaachwa ipoe. Ombi zito humpa mwenye kulileta uzito, na kwa kuwa macho yamefungwa na jina la Yesu limetajwa, hakuna anayethubutu kuita kitu hicho kwa jina lake.

Mimi nitaliita. Alichofanya rafiki yako ni kutoboa siri, na kukifanya kwa maombi hakukipunguzii kitu. Angeweza kusema, "Nina ndugu yuko katika taabu, tumwombee," akanyamaza. Mungu hahitaji kuelekezwa Mtwapa. Kipimo chenyewe ni rahisi, na ningependa kila kiongozi wa ushirika akitumie Jumatano ijayo: kama mwenyewe angekuwa ameketi pale mkekani, ungesema maneno hayo hayo? Ukiona haya kuyasema mbele yake, hayakuwa maombi yake.

Hata hivyo simwoni kuwa adui yako. Adui hatumi ujumbe kila wiki kwa mtu asiyejibu. Nadhani siri ilimwelemea. Ulimtwika mzigo pale Kongowea, naye akaenda nao siku kadhaa bila kujua aufanyie nini, halafu Jumatano akaona hapo ndipo pa kuutua. Huenda alikupenda na wakati huohuo akafurahia kidogo kuwa ndiye mwenye habari. Binadamu huwa na yote mawili moyoni kwa mara moja. Hilo halimwondolei kosa, ila linabadilisha namna utakavyokwenda kumwona.

Ndiyo, nasema utakwenda. Lakini si kwanza.

Kwanza nirudi kwenye mstari mmoja wa barua yako ambao umeupita mbio. Umesema zaidi ya wale wawili hakuna aliyekutafuta. Mwanangu, hao wawili walikuja. Walipanda wakafika mlangoni, wakaambiwa haupo, na bila shaka waliiona kandambili yako nje kama tunavyoziona sote, wakaweka unga na sukari chini wakaondoka bila kugonga tena. Wala hawakwenda kutangaza kwamba umejificha, maana ingekuwa wametangaza ungeshasikia, kwa jinsi maneno yanavyokimbia kanisani kwenu. Mtume Paulo alipokuwa gerezani Rumi, akikumbuka waliomkimbia, alimtaja mtu mmoja kwa shukrani kubwa, Onesiforo: "hakuuonea haya mnyororo wangu, bali, alipokuwapo hapa Rumi, alinitafuta kwa bidii akaniona." Wote wa Asia, asema Paulo, walimwepuka. Alikwenda mmoja, na Paulo hakusema mmoja ni haba. Wewe umepata wawili na umewafungia mlango. Sikulaumu, mtu aliyeaibishwa hufunga milango yote, hata ile ambayo haikumkosea. Lakini sasa fungua mmoja. Huyo mama mzee asiyesema sana ndiye wa kuanza naye. Mpelekee hata ndizi chache, mwambie asante kwa unga. Usimweleze mengi siku hiyo. Akikuuliza habari za nyumbani, mwambie kuna mambo hutaki yaombewe hadharani, uone anavyolipokea.

Kuhusu dhambi. Hukutenda dhambi kwa kwenda kukaa nyuma ya kanisa kubwa. Aliyejeruhiwa hupumzika, na kuna Jumapili ambazo kiti cha nyuma pasipo mtu wa kukuuliza kitu ni rehema ya Mungu kabisa. Watu watakuchapa na Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja." Nawe usiogope, wewe unakusanyika, wako maelfu humo. Ila soma mstari ulio kabla ya huo, ambao hao wanaokuchapa huuruka: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Kuangaliana. Hapo ndipo kanisa lako jipya linapopungukiwa, na simu inapungukiwa zaidi. Mtoto wako akiugua usiku tena, hakuna hata mmoja katika maelfu hayo atakayejua. Ukikosa Jumapili tatu, kiti chako atakikalia mwingine wala hakuna atakayeuliza. Leo hilo linakupa raha kwa sababu kidonda ni kibichi. Mwaka ukiisha, litakuwa upweke.

Tena wewe ni mtu wa kuja, kama tulivyo wengi wetu Wakristo wa Mombasa. Kwenu Taita ungekuwa na shangazi, binamu na mama mdogo. Huku unao watu wa kanisani. Hilo si jambo geni kwa pwani hii. Ukipita Kengeleni, pale kwenye kengele iliyopatia mahali hapo jina, ujue unapita Frere Town, kijiji ambacho wamishonari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walikianzisha mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa, kila mmoja ametenganishwa na ukoo wake asijue kama ataonana nao tena, wengine hata lugha hawakuelewana. Wakaoana, wakabatiziana watoto, wakazikana. Vizazi vyao vipo Kisauni hadi leo. Sidhani kama walikuwa wanapendana kila siku. Watu wanaoishi karibu namna ile hugombana sana. Lakini walikuwa hawana wengine, na kanisa la Emmanuel pale ndilo lililokuwa uwanja wa nyumba yao. Nakutajia hayo kwa sababu naona unataka kukata ukoo ambao ulikuchukua miaka kuupata, kwa kosa la mtu mmoja na ujinga wa wachache getini.

Kuhusu jirani yako, usipoteze usiku kuwaza. Huyo dada aliyekugombeza hajui Biblia anayoibeba imetoka wapi. Mmishonari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutia Mwanzo katika Kiswahili, aliyekaa naye kumsaidia lugha alikuwa kadhi wa mji. Mkewe Krapf alifariki mwaka huohuo, miezi michache baada ya kufika, na mjane huyo mwanamume hakuwa na kanisa la kumliwaza. Watu waliomzunguka walikuwa Waislamu wa mji huu. Basi kama hilo halikuharibu Injili, tuktuk ya usiku haitaiharibu. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, aliyemchagua awe mfano alikuwa Msamaria. Kaa na jirani yako, na Idi ikifika mpikie. Jambo moja tu ningekuomba: usimtumie kuwapiga wenzako, kila ukimshukuru iwe ni kuwasuta wa kanisani. Urafiki wake ni wake, usiufanye fimbo.

Sasa rafiki yako. Sufuria usimpe mtu wa bodaboda. Bodaboda atalitua, atalipwa, na kesho yake kibanda kwa kibanda watu watajua mmekatana. Lichukue mwenyewe, ulisugue ling'are, uende nyumbani kwake saa ambayo watoto wako shule. Kongowea usimwambie hapo. Pana masikio mengi kuliko nyanya. Bwana alisema waziwazi: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Peke yenu, kwa hiyo hata mama mchungaji asiwepo mara hii.

Usianze na habari za urafiki wa zamani, utalia kabla hujasema. Sema jambo lenyewe. Kama hivi: "Nilikwambia siri, nikakusihi uniwekee. Ukaisema ushirika, ukataja na Mtwapa. Jumapili nilishindwa kuinua macho. Nataka kujua kwa nini." Kisha unyamaze. Hapo ndipo pagumu, maana ataanza, "Lakini mimi nilitaka uombewe." Mwache amalize. Kisha mwambie ulitaka kuulizwa kwanza. Akilia, usimbembeleze haraka. Watu wengi huishia kumwomba msamaha aliyewakosea kwa sababu amelia vizuri kuliko wao. Akikiri, na nadhani atakiri, mwombe jambo moja: arudi ushirika yeye mwenyewe aseme, "Nilisema habari za dada yetu bila ruhusa yake, nilikosea." Alipotobolea ndipo pa kuzibia.

Akikataa, umetimiza lako, na hapo unaweza kumshirikisha yule mama mzee kama shahidi.

Msamaha na siri ni vitu viwili, usidanganywe kwamba ukisamehe lazima umpe siri nyingine. Msamehe, mwuziane nyanya, mpande gari moja. Habari za moyoni ziweke kwa muda. Paulo na Barnaba waligombana vibaya kwa ajili ya Marko, aliyewaacha safarini, hata wakaachana njia. Paulo hakumchukua Marko safari iliyofuata. Baada ya miaka, katika barua yake ya pili kwa Timotheo, ndipo unamkuta akiandika, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Ilikwenda miaka. Nawe usiharakishwe, hasa na wale wanaopenda kuona mmekumbatiana mbele ya madhabahu ili ibada iwe tamu.

Mzee wa kanisa nampitia haraka kwa kuwa kosa lake liko wazi. Mume ameondoka, na anayeambiwa apumzike ni mke! Mwombe nafasi, umuulize mbele ya mchungaji: kosa langu ni lipi? Kama hakuna, uombe kurudi kuongoza nyimbo. Wala usikubali neno "mpaka mambo yatulie", kwa sababu mambo hayo hayako mikononi mwako kuyatuliza. Sauti ya pili haikuvunja ndoa ya mtu.

Na jambo ambalo hukuniuliza kabisa. Barua nzima hakuna mahali umesema baba watoto analeta nini. Wenzako wameombea arudi, wewe umehangaika na aibu, na karo inalipwa na nyanya za Kongowea. Arudi asirudi, watoto ni wake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na wajibu wa baba na mama ni sawa wawe wameoana au hawajaoana. Anza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako ya Jomvu. Mara nyingi baba akiitwa pale wanakubaliana kwa maandishi bila kesi. Akikaidi, mahakama ya watoto iko Tononoka, na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Mombasa, wanasaidia akina mama wasio na uwezo wa wakili. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za shule, za hospitali usiku ule, na rekodi za M-Pesa zinazoonyesha alichotuma na mwezi aliokoma kutuma.

Siku hiyo usiende peke yako. Foleni pale inaweza kukuweka asubuhi nzima, na mtu akikaa kwenye benchi na mawazo yake tu huinuka akarudi nyumbani kabla jina halijaitwa. Jirani yako atakubali kwenda nawe, najua. Lakini ningemwomba yule mama mzee. Hasemi sana, na pale ndivyo inavyotakiwa.